Mnara wa maji wa Vukovar: somo juu ya namna ya kukumbuka vita

(Maneno yaliyotolewa na afisa wa mashinani wa shirika moja la kienyeji mbele ya wajumbe wa kamati za amani, viongozi wa kimila, wamama na vijana. Tunayachapisha hapa kwa faida ya wasomaji wetu wote.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo linaleta maneno kila mara kamati zinapokutana: tukitaka kuweka ukumbusho wa vita, tuuweke namna gani? Wengine wanataka jengo lililobomolewa libaki jinsi lilivyo, ili watoto waone. Wengine wanasema lisafishwe lote, maana kila tunapolipita tunaumia upya. Na wengine wanauliza swali gumu zaidi: majina ya nani yataandikwa pale, na ya nani yataachwa? Swali hili likishughulikiwa vibaya, watu waliokuwa wanaanza kusalimiana sokoni wanaweza kuacha tena kusalimiana.

Sikuja na jibu la kuwapa mkononi. Nimekuja na mfano wa mji mmoja wa mbali, mji wa Vukovar, katika inchi ya Kroatia huko Ulaya. Mji ule ulikuwa na mnara wa maji. Vita viliutoboa mnara ule mahali pengi, na leo watu wanaupanda kama mahali pa kutazamia mji na pa kukumbukia waliokufa. Mfano huu una mambo mazuri ya kuiga, na una mambo ambayo yanatuonya. Nitasema yote mawili.

Mji na mnara wake

Vukovar uko mashariki ya Kroatia, pale mto mdogo wa Vuka unapoingia katika mto mkubwa wa Danube. Ng'ambo ya Danube ni inchi ya Serbia. Kabla ya vita, inchi hizo mbili zilikuwa ndani ya inchi moja iliyoitwa Yugoslavia, na mto ulikuwa njia tu ya kuvuka, kama vile sisi tunavyovuka Ruzizi kwenda sokoni.

Karibu na mji huo, mahali panapoitwa Borovo, kampuni ya Bata ilijenga kiwanda cha viatu mwaka wa 1931. Ni Bata ileile ambayo wazazi wetu walivaa viatu vyake. Kiwanda kilikua mpaka kikawa na wafanyakazi zaidi ya 20,000, na kazi hiyo ilileta watu wa makabila mengi: Wakroati, Waserbia, Wahungaria, Waruteni, Waslovaki na wengine. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 1991, wilaya yote ya Vukovar ilikuwa na watu karibu 84,000. Wakroati walikuwa karibu 44 kwa mia na Waserbia karibu 37 kwa mia. Ndoa za mchanganyiko zilikuwa nyingi. Ninasema hayo ili mtu asifikiri kwamba watu wale walikuwa maadui tangu zamani za mababu. Walikuwa wanafanya kazi kwenye mashini moja.

Mnara wa maji ulijengwa kati ya mwaka wa 1963 na 1968. Una urefu wa mita 50 na zaidi kidogo. Tangi lake liliweza kubeba mita za ujazo 2,200. Kwa hesabu ya wamama wanaobeba maji, hiyo ni bidoni 110,000 za lita 20. Kazi ya mnara kama huo ni rahisi kueleza: pampu inapandisha maji juu wakati watu wanatumia kidogo, kisha maji yanashuka yenyewe kwa uzito wake mpaka kwenye mabomba ya nyumba, hata saa za jioni ambapo kila nyumba inapika. Ninyi mliofanya kazi ya kuleta maji ya mserereko kutoka mlimani mnaelewa vizuri. Urefu ndio nguvu.

Na kwa kuwa mnara ulikuwa mrefu, juu yake waliweka mkahawa. Watu walipanda siku ya mapumziko, wakanywa na kula huku wakitazama mji, mto, na mashamba ya mizabibu. Kwa hiyo tangu mwanzo mnara ulikuwa na kazi mbili: kunywesha watu na kuwaonyesha mahali wanapoishi.

Siku 87

Mwaka wa 1991 Yugoslavia ilianza kuvunjika. Tarehe 2 Mei, polisi 12 Wakroati waliuawa katika kijiji cha Borovo Selo, na kutoka hapo hofu ilipanda haraka. Redio na magazeti ya pande zote yalifanya jirani aonekane kama nyoka. Sisi watu wa Kongo hatuhitaji kuelezwa zaidi juu ya hapo. Tunajua jinsi uvumi unavyotembea mbele ya bunduki.

Kuanzia 25 Agosti mpaka 18 Novemba 1991, jeshi la Yugoslavia pamoja na vikundi vya Waserbia wenye silaha vilizingira Vukovar. Siku 87. Waliokuwa wanalinda mji walikuwa watu karibu 1,800, wenye silaha chache. Katika siku kali, mabomu na roketi zilizoanguka zilifika 12,000 kwa siku. Mnara wa maji ulionekana kutoka kila upande, ukawa shabaha. Ulipigwa zaidi ya mara 600. Matofali yalipasuka, tangi likatobolewa, lakini nguzo haikuanguka. Usiku, vijana wawili walipanda ndani yake kuweka bendera mpya ya Kroatia kila ile ya zamani ilipochanwa na mabomu. Ndipo watu waliokuwa wamejificha katika vyumba vya chini ya nyumba walipoanza kuutazama asubuhi ili kujua kama mji bado uko.

Mji ulianguka. Raia zaidi ya elfu moja walikuwa wamekufa. Watu zaidi ya 20,000 walifukuzwa. Tarehe 20 Novemba, watu zaidi ya 200 walitolewa katika hospitali, wagonjwa pamoja na wengine waliokimbilia humo, wakapelekwa kwenye shamba la Ovčara na kuuawa. Kati yao alikuwemo Siniša Glavašević, mwandishi wa habari ambaye sauti yake ilikuwa imesikika kwenye redio ya Vukovar siku zote za kuzingirwa. Ni lazima kusema pia kwamba kabla ya kuzingirwa na wakati wa mapigano, raia Waserbia wa mji huo nao waliuawa na wengine wakatoweka. Hesabu hizo mbili hazilingani kwa wingi. Lakini kila mama aliyepoteza mtoto amepoteza mtoto mzima.

Namna mji ulivyorudishwa

Mwezi wa Novemba 1995 viongozi walitia sahihi mapatano ya Erdut. Kutoka 15 Januari 1996 mpaka 15 Januari 1998, Umoja wa Mataifa uliongoza eneo lile kwa njia ya ujumbe ulioitwa UNTAES. Msimamizi wake wa kwanza alikuwa Mmarekani, Jacques Paul Klein, na kamanda wa kwanza wa askari alikuwa Mbelgiji, Jozef Schoups. Ujumbe ule ulikuwa na muda mfupi na kazi iliyo wazi: kuondoa silaha, hata kwa kuzinunua kutoka kwa raia, kuunda polisi wa mchanganyiko, Wakroati na Waserbia pamoja, kupanga uchaguzi, na kurudisha eneo chini ya serikali ya Kroatia bila vita vingine. Ulifaulu katika hayo. Sisi tuliokaa na askari wa Umoja wa Mataifa tangu mwaka wa 1999 tunaweza kujifunza kwamba muda si mrefu ukiwa na mamlaka kamili na mapatano ya kweli unaweza kufanya mengi.

Haki nayo ilitafutwa. Kaburi la Ovčara lilifukuliwa mwaka wa 1996, na maiti 200 zikatolewa ili zitambuliwe na kuzikwa kwa heshima. Mahakama ya kimataifa ya The Hague iliwahukumu maofisa wawili wa jeshi la Yugoslavia, Mile Mrkšić miaka 20 na Veselin Šljivančanin, baada ya rufaa na marudio, miaka 10.

Mnara ulibaki umesimama na matundu yake karibu miaka 30. Wakati nyumba zilipotengenezwa moja moja, wenye mji walichagua mnara usirudishwe kama ulivyokuwa. Michango ilikusanywa, kazi ya kuuimarisha ikafanyika, na tarehe 30 Oktoba 2020 ukafunguliwa kwa watu wote. Kwa nje matundu yameachwa. Ndani mtu anapanda akipita katika maonyesho ya ukumbusho, na juu anatokea kwenye hewa wazi, anatazama mji, mto Danube, na ng'ambo ya pili.

Mambo matatu ya kuiga

Jambo la kwanza. Walikubaliana juu ya nini kiachwe kabla ya kumwita fundi. Kuacha tundu la bomu si kutofanya kazi. Ukuta uliotobolewa unaingiza maji ya mvua, chuma kinaoza, matofali yanaanguka juu ya watu. Kulihifadhi tundu ni kazi ngumu kuliko kuliziba: ni lazima kuimarisha jengo kwa ndani ili lidumu, na kwa nje lionyeshe kilichotokea. Kama kamati yenu inataka kuacha darasa lililochomwa au zahanati iliyobomolewa kama ushuhuda, jueni kwamba litahitaji paa, mfereji wa maji ya mvua, mlinzi, na pesa ya kila mwaka. Ukumbusho ambao unaanguka wenyewe unawatukana waliokufa.

Jambo la pili. Wameacha mahali pale pawe pa walio hai pia. Wageni wanapanda, wanafunzi wanapanda. Mtu anaona alama za mabomu, kisha juu anaona mji unaotembea: magari, bustani, meli mtoni. Mtoto aliyezaliwa baada ya vita haonyeshwi kifo peke yake. Hata sisi, ukumbusho ukiwekwa mahali penye kivuli, penye bomba la maji au uwanja wa kuchezea, watu watapafikia kila siku, wala hawatapakimbia mpaka siku ya hotuba.

Jambo la tatu. Hawakuutenganisha mnara na kazi ya kutafuta ukweli. Makaburi yalifukuliwa, majina yakaandikwa, mahakama ikakaa. Jengo bila ukweli ni saruji tu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010, ile tunayoiita Mapping, iliandika matukio 617 ya uvunjaji mkubwa wa haki katika inchi yetu kati ya mwaka wa 1993 na 2003. Kasika na Makobola zimo. Waliouawa humo ni Wakongomani wa makabila mengi, na ni wakimbizi pia. Tarehe 26 Desemba 2022 inchi yetu ilipata sheria juu ya kuwalinda wahanga na kuwalipa fidia, na kila tarehe 2 Agosti imewekwa kuwa siku ya kuwakumbuka. Basi mlango umefunguliwa kidogo. Kamati inayoandika vizuri majina, tarehe na mahali, na kuyatunza, inafanya kazi ambayo hakuna fundi wa mawe anayeweza kuifanya.

Mambo yanayotuonya

Sasa nifike kwenye upande mgumu.

Mpango wa kutengeneza mnara wa Vukovar uliitwa kwa maneno haya: mnara wa maji, ishara ya umoja wa Wakroati. Mkroati aliyefukuzwa nyumbani mwaka wa 1991 anapolisikia jina hilo, moyo wake unatulia, na ana haki. Ni yeye aliyezingirwa. Lakini kuna Waserbia waliozaliwa mji ule, na baadhi yao walikaa ndani ya vyumba vya chini vilevile wakati mabomu yanaanguka, maana bomu halikuuliza kabila. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2021 wao ni karibu 30 kwa mia ya mji. Mtoto wa mmoja wao akipanda mnara, je, ataona kwamba ni mnara wa mji wake, au ataona kwamba ni mnara wa wengine uliojengwa ili umtazame yeye?

Swali hili si la kubuni. Mwaka wa 2013, vibao vya maofisi ya serikali viliandikwa kwa herufi mbili, za Kilatini na za Kisirili ambazo Waserbia wanazitumia. Sheria ya Kroatia inalipa kabila dogo haki hiyo likifikia theluthi moja ya wakaaji. Watu wenye hasira, wengi wao wakiwa askari wa zamani, walivunja vibao hivyo kwa nyundo. Tarehe 18 Novemba mwaka uleule, siku ya maombolezo, Wakroati wenyewe waligawanyika, na wakuu wa inchi wakazuiwa kutembea pamoja na msafara. Mnaona, wandugu: ukumbusho ambao umefanywa silaha unaanza kwa kumpiga jirani, na unaishia kwa kumpiga ndugu.

Tena, watoto wa Wakroati na watoto wa Waserbia wengi wanasoma katika madarasa tofauti, kila upande kwa lugha na herufi zake. Hiyo ni haki iliyolindwa na mapatano, na mimi sisemi inyang'anywe. Lakini matokeo ni kwamba kijana anaweza kukua katika mji mmoja na mwenzake bila kumjua jina. Mnara wa kutazamia unaonyesha paa za nyumba zote. Hauonyeshi kwamba waliomo ndani hawatembeleani.

Na kiwanda cha viatu hakikurudi kuwa kama zamani. Vijana wengi wameondoka kutafuta kazi kwingine. Ukumbusho haulishi mtu. Anayekuahidi kwamba jiwe la kumbukumbu litaleta wageni na pesa kijijini, mwulize kwanza barabara iko wapi.

Heshima sawa, lawama si sawa

Ninajua kuna mama hapa ambaye anawaza moyoni: mnataka niandike jina la mtoto wangu karibu na jina la mtu wa kabila la waliomuua? Mama, swali lako ni la haki, na hakuna afisa wa shirika anayepaswa kukufunga mdomo kwa maneno matamu ya upatanisho.

Jibu langu ni hili. Kuwapa waliokufa heshima sawa si kuwapa wauaji lawama sawa. Raia asiye na silaha, wa kabila lolote, hakumuua mtu. Aliyeua ana jina lake, ana kamanda wake, na anapaswa kujibu mbele ya sheria. Tukichanganya hayo mawili, tunamfanyia kazi muuaji: yeye ndiye anayependa kabila lote libebe mzigo wake, ili yeye apotee katikati ya watu wengi.

Mfano mmoja mzuri ulitokea huko huko. Tarehe 4 Novemba 2010, Rais wa Serbia, Boris Tadić, alivuka Danube akaja Vukovar. Pamoja na Rais wa Kroatia, Ivo Josipović, alikwenda Ovčara, akaweka maua na kuomba msamaha. Siku ileile marais hao wawili walikwenda kijiji cha Paulin Dvor, ambako mwezi wa Desemba 1991 Wakroati wenye silaha waliua raia 18 Waserbia na mmoja Mhungaria. Hapo Josipović naye aliinamisha kichwa. Hawakusema kwamba maovu hayo mawili yanalingana. Hawakupunguza idadi ya upande wowote. Walikwenda tu mahali pote pawili, siku moja, wakionekana na watu wote. Safari ile haikumaliza matatizo, na vibao vilivunjwa miaka mitatu baadaye. Lakini tangu siku ile hakuna anayeweza kusema kwamba jambo kama hilo haliwezekani.

Maswali ya kupeleka nyumbani

Nawaachia maswali matano. Yajadilini katika vijiji vyenu kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji.

1. Ni nani waliokaa kuamua? Je, wajane na vijana walikuwepo, au ni wakubwa tu?

2. Majina yamekusanywa kwa nyumba zote, pamoja na nyumba ya wale tusiowapenda? Nani ameyahakikisha?

3. Maneno yatakayoandikwa juu ya jiwe, je, unaweza kuyasoma kwa sauti mbele ya jirani wa kabila lingine bila yeye kuondoka na bila wewe kusema uongo? Kama hayawezi kupita mtihani huo wa pande mbili, yaandikwe upya.

4. Nani atatunza mahali pale baada ya mfadhili kuondoka?

5. Watoto wetu watakutana wapi wao kwa wao, mbali na siku ya kumbukumbu?

Swali la tano ndilo ambalo Vukovar bado inalitafutia jibu, na ninaomba sisi tusingoje miaka 30 ili kulianza. Shule moja, timu moja ya mpira, kamati moja ya maji, soko moja: hapo ndipo pa kuanzia, na hapahitaji mnara.

Kama mtakubaliana kujenga, jengeni. Kama mtaona wakati haujafika, andikeni majina katika daftari, nakala tatu: moja kwa chefu, moja kwa kanisa au msikiti, moja kwa wamama. Daftari lililoandikwa kwa ukweli litangoja jiwe lake bila kuharibika.

Sasa nafasi ni yenu kuuliza na kunisahihisha, na ningependa wamama waanze.